KAURI NDANI YA SIKIO

Ukipita sokoni Thika utaona majiko ya makaa yamepangwa, yale yenye bati nje na udongo uliochomwa ndani. Yalianza kuenea Kenya miaka ya 1980, na kila mama anajua sifa yake: udongo ukishachomwa vizuri haurudi kuwa tope hata ukiloweshwa. Hiyo ndiyo kauri. Nia yangu katika makala haya ni kueleza habari za kauri nyingine, ndogo mno, ambayo madaktari huiweka ndani ya sikio la mtu.

Tuanze na sikio lenyewe. Nyuma ya kiwambo mna vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita 3 hivi, na ndicho kifupa kidogo zaidi mwilini. Sauti ya hewani ikigonga maji, sehemu kubwa hurudi ilikotoka, na sikio la ndani limejaa majimaji. Basi kiwambo hukusanya mitetemo, vifupa huipeleka kwenye kidirisha kidogo sana, na shinikizo huongezeka kama mara 22. Fuawe ikikatika, daraja limevunjika.

Nani huikata? Mara nyingi ni usaha. Hapa naomba tusichekane. Kuna wenzetu ambao masikio yao hutoa usaha, nasi tunahama deski. Mwalimu akiuliza swali hili, mwenzetu anajibu lile, darasa zima linaangua kicheko na yeye anaitwa mjinga. Kumbe hasikii! Usaha unaotoka kwa wiki 2 au zaidi ni ugonjwa, na polepole unaweza kuila ile ncha nyembamba ya fuawe. Kutia mafuta ya kupikia sikioni si dawa. Apelekwe hospitali mapema, vifupa vikiwa bado vizima.

Vikishalika, daktari hutafuta kitu cha kuziba pengo. Mwaka wa 1952 huko Ujerumani Wullstein alijaribu plastiki, lakini wapi! Mwili ukaisukuma nje. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Tübingen wakatumia kauri ya oksidi ya alumini. Hiyo mwili huivumilia tu, kama mgeni asiyesalimiwa. Mmarekani Larry Hench alikuwa ameanza njia nyingine. Mwaka wa 1967 afisa wa jeshi alimwuliza, wakiwa ndani ya basi, kama angeweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Mwaka wa 1969 akapata kioo cha silika, sodiamu, kalsiamu na fosfati ambacho kilishikamana na mfupa wa panya hata kikakataa kung'oka. Mwaka wa 1985 kioo hicho kikaanza kutumika kwa wagonjwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa papo hapo, sikio la kati.

Kauri iliyonipendeza zaidi ni haidroksiapataiti, kwa sababu inafanana sana na madini ya mifupa yetu. Wanafunzi wa kemia, sikilizeni. Maganda ya mayai, kama yale yanayotupwa na wauza mayai boilo pale stendi ya Ruiru, ni kalsiamu kaboneti karibu yote. Yakichomwa kwa digrii 900 hivi huwa chokaa. Chokaa hukorogwa na maji, kisha asidi ya fosforasi hutiwa tone kwa tone hadi mashapo meupe yatokee. Hesabu ni kalsiamu 5 kwa fosforasi 3. Asidi ikizidi, unapata kitu kingine kabisa. Unga hukaushwa, hushindiliwa, kisha huchomwa kwa digrii 1,100 hadi 1,250. Si ati ujaribu kwa jiko la nyumbani! Tena kauri ya sikioni lazima iwe safi na ipimwe sana kabla ya kumfikia mtu.

Daktari hutumia darubini. Kwanza husafisha ugonjwa, huziba tundu la kiwambo kwa utando uliotolewa juu ya sikio la mgonjwa mwenyewe, kisha husimamisha kijiti cha kauri juu ya kikuku. Wengi huweka kipande chembamba cha gegedu kati ya kauri na kiwambo. Siku hizi titani pia hutumika sana. Lakini ule mrija unaounganisha sikio na koo ukiwa bado umeziba, kiwambo huvutwa ndani, na hata kauri nzuri yaweza kutoka.