JE, NI PORA AU MTETEA? USIUZE KABLA YA MIEZI MITATU



Kila siku ya soko tunaona watu wakiuza kuku wadogo wa mwezi mmoja na nusu. Ukiuliza sababu, unajibiwa: "Hawa ni madume, wanamaliza chakula bure." Je, wana hakika? Mimi mwenyewe niliwahi kumwuzia jirani mapora wawili ili nipate sabuni na chumvi. Miezi mitano baadaye mmoja wao alikuwa akitaga kwake, nami nikaenda kununua mayai ya kuku niliyemlea mwenyewe.

Kwanza tuache yale yasiyo kweli. Wengine husema yai lenye ncha kali hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike. Wengine humning'iniza kifaranga kwa miguu waone kama atainua kichwa. Hayo ni kubahatisha tu. Hata kupigana si dalili, kwani vifaranga majike nao hurukiana vifua kwa vifua. Kwa kuku wetu wa kienyeji, kifaranga wa siku chache huwezi kumjua kwa kumtazama.

Kuanzia wiki ya 4, angalia manyoya. Jike mara nyingi huota mkia na manyoya ya mabegani mapema, lakini dume hukaa na mgongo wazi kwa muda. Katika wiki ya 6 hadi ya 8, angalia upanga, yaani ile nyama ya kichwani. Wa dume hukua na kuwa mwekundu, wa jike hubaki mdogo na wa rangi hafifu. Miguu ya dume pia ni minene. Linganisha vifaranga wa mama mmoja, wa siku moja. Ukimlinganisha na wa jirani utakosea. Hata hapo usiuze bado, kwa sababu wako majike wenye upanga mkubwa.

Dalili ya kuaminika huonekana karibu na miezi 3. Mshike kuku, tazama manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Ya pora ni membamba, yamechongoka na yanang'aa. Ya mtetea yana ncha ya mviringo. Manyoya ya shingoni yako hivyo hivyo, ila kuku wa kishingo hana, basi mtazame kiunoni tu. Sasa uza mapora au wale na watoto. Mitetea waache; wataanza kutaga wakifika miezi 6 hivi. Jogoo mmoja anatosha majike 10, na ni vizuri atoke nyumba nyingine, asiwapande dada zake.

Lakini kufika miezi 3 ndiyo kazi. Vifaranga wengi hufa katika wiki 4 za kwanza kwa baridi, mvua na mwewe. Wafunike na mama yao chini ya tenga mchana, usiku walale ndani pakavu. Maji weka katika kisahani chenye vijiwe ili wasizame. Pumba peke yake haijengi mwili: ongeza mchwa, vumbi la dagaa na majani ya mchicha. Mahindi ya posho yakiota ukungu usiwape, yana sumu. Usiyale wewe pia.

Adui mkubwa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huhara kijani, hukoroma, hupinda shingo, na banda zima linaweza kwisha kwa siku chache. Dawa ya kuutibu haipo, ipo chanjo: tone moja katika jicho moja, kwa mkubwa na kwa kifaranga, kurudia kila miezi 3. Kuku anayeumwa hachanjwi. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo patana na majirani wa mtaa wako, changeni fedha, kisha mwiteni bwana mifugo aje alfajiri, kuku wakiwa bado hawajafunguliwa.