Keki ya Gari la Moshi

Mhariri aliniomba niandike somo lenye faida, nami nimechagua kuoka keki nyumbani kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo. Najua wako watakaocheka. Wavulana wa bweni letu walikwisha kucheka waliponiona nikinakili vipimo vya unga katika daftari la kemia. Lakini daftari la kemia ndilo mahali pake hasa, kama mtakavyoona. Na kabla ya kemia kuna swali moja gumu, ambalo lilitupata nyumbani kwetu karibu na Tororo, mashariki ya Uganda.

Kwetu yuko mtoto aitwaye Okoth. Ni mtoto wa marehemu shangazi yangu, naye aliletwa kwetu mwaka 2022, akijua kusema maneno machache tu. Siku hizi ni mdogo wangu kamili. Mwezi wa Machi 2025, nami nikiwa shuleni, alialikwa kwa jirani ambako mtoto wao alikuwa akitimiza miaka 4. Bibi alinisimulia kwamba Okoth alirudi jioni na puto mkononi, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Bibi, mimi sikuzaliwa?"

Bibi akamwambia alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Okoth. Na ni kweli. Kwetu wazee waliandika kuzaliwa kwa mtoto katika jina lake: aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth, au Akoth akiwa msichana, aliyezaliwa usiku ni Owor. Ni daftari zuri sana, maana haliungui moto wala haliliwi na mchwa. Walakini lahifadhi saa na hali ya hewa, tarehe halihifadhi. Na mtoto aliyetoka karamuni hakutaka kusikia habari za mvua, alitaka siku.

Utasema: kwa nini hamkutazama kadi ya kliniki? Haikuwapo. Okoth alizaliwa mwaka 2020 katika miezi ya Korona, wakati serikali ya Uganda ilipokuwa imezuia magari ya abiria, na pikipiki haziruhusiwi kupakia watu. Shangazi alijifungulia nyumbani mikononi mwa jirani, na hapakuwa na muuguzi wa kuandika. Baba alikuwa tayari tuchague tarehe yo yote, hata 1 Januari. Bibi akakataa kabisa. "Mtoto ana siku yake," akasema, "haazimwi ya mtu mwingine." Yeye alikumbuka jambo moja tu, kwamba wimbi lilikuwa likipaliliwa.

Basi nilipofika likizo niliazima baiskeli, nikaenda parokia alikokuwa akisali shangazi, mwendo wa saa mbili. Makanisa yalikuwa yamefungwa mwaka ule hata mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo nilijua mtoto hakubatizwa kabla ya hapo. Katekista akafungua daftari la ubatizo, akaanza na Oktoba, akishusha kidole mstari kwa mstari. Tulimkuta katika wiki ya Noeli: jina lake, jina la mama yake, jina la msimamizi wake, na katika safu ya kuzaliwa, 11 Mei 2020. Katekista alisema tarehe hiyo aliipata kinywani mwa shangazi mwenyewe. Niliinakili mara mbili, karatasi moja nikaitia mfukoni na ya pili ndani ya soksi. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Baba aliposikia habari ya keki alileta Maandiko. Katika Biblia, alisema, zimetajwa sikukuu mbili za kuzaliwa, ya Farao katika kitabu cha Mwanzo na ya Herode katika Injili, na zote mbili zilimwaga damu. Katika ile ya Herode alikatwa kichwa Yohane Mbatizaji. Katika ile ya Farao alitundikwa mtu mmoja, naye alikuwa mkuu wa waokaji! Nakiri kwamba niliutazama unga wangu kwa hofu kidogo. Wako pia Wakristo wasioadhimisha siku hizi, yaani Mashahidi wa Yehova, na baadhi yao ni jirani zetu. Hatukuwashurutisha, wala hawakutukasirikia.

Mimi nilimjibu baba kwa mfano wa Mkristo mwingine. Mwaka 1746, huko Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani (ndio wale ambao wamisionari wao walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891), alifanyiwa sikukuu ya kuzaliwa kwa keki kubwa kadiri ya tanuri lililopatikana. Ilitobolewa matundu kwa hesabu ya miaka yake, kila tundu likatiwa mshumaa, na mmoja ukasimamishwa katikati. Ni mojawapo ya habari za zamani zilizoandikwa juu ya keki na mishumaa ya siku ya kuzaliwa. Baba akauliza bwana huyo alikuwa na umri gani. Nikamwambia miaka 46. "Basi hiyo si keki," akasema, "huo ni moto wa porini." Akacheka, na hivyo ndivyo tulivyopata ruhusa.

Sasa kemia. Keki huinuka kwa mapovu madogo ya gesi yaliyonaswa ndani yake. Zamani waokaji walitumia hamira, ama walipiga mayai mpaka mkono ukafa ganzi. Mwaka 1843 Alfred Bird, mtengeneza dawa wa Birmingham, Uingereza, alitunga bekingi pauda kwa sababu mkewe hakuweza kula chakula chenye hamira. Ni magadi soda yaliyochanganywa na asidi kavu pamoja na wanga kidogo. Vikipata majimaji na joto hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ile ile tuliyoipitisha katika maji ya chokaa kidato cha pili.

Vipimo vyangu ni hivi: majarini gramu 250, sukari gramu 250, mayai 5 (bibi alitoa ya kuku wake), unga wa ngano gramu 300, vijiko vidogo 2 vya bekingi pauda, na maziwa vijiko vikubwa 3. Asiye na mizani atwae kikombe cha robo lita: unga vikombe viwili na nusu, sukari kikombe kimoja na robo. Mtaona kwamba unga umezidi kidogo kuliko sukari. Nimefanya hivyo kusudi, maana keki laini mno ni tamu lakini haikatiki umbo, hupukutika kama kichuguu kikavu.

Piga majarini na sukari kwa mwiko mpaka vigeuke vyeupe na vyepesi. Usifanye haraka hapa, kwa kuwa ndipo hewa ya kwanza inapoingia. Tia mayai moja moja. Kisha chekecha unga pamoja na bekingi pauda, utie, uchanganye polepole, ukiugeuza tu na kuuacha mara usipoonekana tena. Unga wa ngano ukikorogwa sana hufanya gluteni, unavutika kama mpira. Mpishi wa chapati anaitaka sifa hiyo. Wewe huitaki.

Tanuri hatuna, kama nyumba nyingi. Twaa sufuria kubwa, utie mchanga mkavu, safi, kina cha vidole viwili, uifunike na kuiweka juu ya jiko la makaa kwa robo saa. Mchanga hupokea joto na kuligawa sawasawa. Bati la keki likikaa juu ya sufuria tupu, keki itaungua chini ikiwa mbichi katikati. Jaribu joto kwa kipande cha karatasi nyeupe ndani ya sufuria. Kikiwa cheusi upesi, moto umezidi, punguza makaa. Kikigeuka kidogo kidogo rangi ya chai, wafaa. Weka bati lako juu ya mchanga, funika, kisha panga makaa juu ya kifuniko, mengi kuliko yaliyo chini. Jiko na likae nje au mahali penye upepo wa kupita, maana moshi wa makaa una sumu isiyonusika. Yangu ilikaa muda wa saa moja. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, imeiva.

Keki yangu ya kwanza, ya kujaribia, niliiua kwa mkono wangu mwenyewe. Baada ya dakika kumi na tano nilifunua nione. Ilikuwa imeinuka vizuri ajabu, nami nikawaita watu waje waitazame; na walipokuwa wakiitazama ikazama katikati kama kaburi la zamani. Sababu ni hii: mpaka mayai yagande na wanga wa unga uvimbe na kukaza, kinachoishikilia keki ni mapovu tu. Yakipigwa na baridi husinyaa, na paa huanguka. Usifunue kabla ya nusu saa kupita, hata akija nani. Tuliila kwa vijiko pamoja na chai, na Okoth hakuona kasoro yo yote.

Umbo lilikuwa gari la moshi, maana reli yapita Tororo na Okoth hujua honi kuliko kengele ya kanisa. Wazo hili si geni duniani. Mwaka 1980 gazeti la Australian Women's Weekly lilitoa kitabu cha keki za watoto za kuokwa nyumbani, na juu ya jalada lake ni gari la moshi. Mimi kitabu hicho sikuwa nacho. Mshauri wangu alikuwa Okoth mwenyewe, naye alikuwa msumbufu. Nilipochora injini yenye bomba la moshi aliifuta kwa kidole. Hajaona injini yenye bomba kubwa. Zile za mvuke ziliondoka kabla sisi hatujazaliwa. Nikamweleza kwamba ndiyo maana twasema gari la moshi. Akaniuliza moshi uko wapi basi. Tukaacha bomba.

Keki na ilale usiku mmoja kabla ya kukatwa. Bati langu ni la mraba, sentimita 20 kila upande. Nilikata vipande vinne virefu, kila kimoja nikakigawa sehemu mbili, nikapata vinane. Kimoja ni injini. Nusu ya kingine, juu yake, ni chumba cha dereva. Sita ni mabehewa. Na ile nusu iliyobaki ni mshahara wa mwokaji. Paka jemu nyembamba pande zote kwanza ili makombo yashikamane, kisha sukari laini ya unga iliyokorogwa kwa maji ya limau, ukitia maji kijiko kwa kijiko mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Rangi hatukununua. Maji ya bitiruti yalitupa nyekundu, manjano kidogo kabisa yalitupa njano, na kakao ikatupa injini. Magurudumu ni biskuti ndogo 28. Okoth aliyahesabu yote, na mara ya pili yakawa 27.

Mzigo nilikusudia uwe bisi na karanga. Mama alipita, akatazama, akaviondoa vyote. Mtoto wa chini ya miaka 4 hatafuni sawasawa, akasema, na karanga nzima, bisi au pipi ngumu huweza kumziba pumzi. Na wageni wetu wawili walikuwa na miaka 2. Tukapakia makombo ya keki yenyewe yawe kokoto, na vipande vya ndizi mbivu. Nawasihi mlisikie jambo hili hata kama mengine mtayasahau.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Mishumaa midogo haikupatikana, tukakata mrefu mmoja vipande vitano. Watoto walikuwa tisa. Kabla ya kuwasha, baba alitoa karatasi niliyoinakili, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya misa jina la Okoth, jina la mama yake, na tarehe. Okoth akamwambia, "Soma tena." Akasoma tena. Bibi alikuwa amegeuka upande wa ukuta akijipangusa kwa ncha ya leso. Kisha mishumaa ikazimwa kwa pumzi moja, pamoja na mate mengi, na mabehewa yakaisha kabla chai haijapoa. Injini Okoth alikataa isikatwe. Ililala kabatini siku mbili, ikakauka, ndipo akaila mwenyewe, akianzia na dereva.

Jioni ile bibi akaniuliza, na yeye je, siku yake ni ipi? Hana mwandiko wo wote. Ajua tu kwamba alikuwa akibebwa mgongoni siku bendera ya Uganda ilipopandishwa, 9 Oktoba 1962. Yeye aliyekataa mtoto kuazimwa siku sasa ameazima hiyo mwenyewe, naye ataka keki ya umbo la kuku. Shida yangu ni shingo: nimejaribu mara mbili, na mara mbili kichwa kimeanguka. Aliye na shauri na aniandikie kwa mkono wa mhariri kabla ya mwisho wa Septemba.