Tableti ndogo ya kusomea silabasi

SWALI: Nasoma chuo kikuu hapa Bukavu. Silabasi zetu ni PDF za ukurasa wa A4, na simu inaniumiza macho. Ninunue tableti ndogo au Kindle? Umeme kwetu Kadutu unakuja unapotaka.
Mwanafunzi, Kadutu

JIBU: Dada, Kindle ina utamu wake: chaji hudumu wiki kadhaa, na jua la mchana haliisumbui. Lakini ile ya inchi 6 ni ya riwaya. Ukurasa wa A4 ukibanwa humo, herufi zinakuwa kama chawa, na WhatsApp ya darasa hutaipata.

Kwako wewe ningechukua tableti ya inchi 8 hadi 9. Samsung Galaxy Tab A9 ya mwaka 2023, kwa mfano, ina inchi 8.7 na betri ya mAh 5100. Ilaze kwa upana, usome nusu ukurasa kwa wakati, macho yatapumzika. Chagua yenye nafasi ya SIM na ya kadi ya kumbukumbu. Punguza mwangaza, zima data: chaji itavumilia usiku usio na umeme. Weka pia programu ya Kiwix, usome Wikipedia iliyopakuliwa bila megabaiti.

Ukipata ya mtumba, hapo ndipo penye mitego. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, kisha iunganishe na intaneti. Ikidai akaunti ya Google ya mmiliki wa zamani, mrudishie, hata akikupunguzia dola ishirini.