Kagua Siku ya Kodi
Kijitabu cha wapangaji, wenye ploti na keateka wa Eastlands kuhusu kutunza vifaa vya dharura

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Kuanzia Dandora hadi Donholm watu walipapasa kutafuta mishumaa, wengine wakawasha tochi ya simu huku wakihesabu asilimia zilizobaki. Kule Embakasi, jirani na maghorofa ya Pipeline na Fedha, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao ukaingia giza. Uwanja huo una jenereta za akiba. Moja kati yazo, iliyopaswa kuhudumia sehemu ya abiria, ilikataa kuwaka. Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani.

Jenereta ilikuwepo. Ilikuwa imenunuliwa na kufungwa mahali pake, na kama ungeuliza wiki moja kabla, ungejibiwa kwamba stima ya akiba ipo. Hivyo ndivyo tunavyojibu sote majumbani. Tochi? Ipo kabatini. Kizima-moto? Kipo pale kwenye ngazi. Dawa za huduma ya kwanza? Zipo, labda kwenye ile droo ya chini. Sisi tunaongeza swali moja tu: mara ya mwisho ulikijaribu kifaa hicho lini?

Siku isiyosahaulika

Mashauri mengi husema vifaa vikaguliwe mara kwa mara. Tatizo ni kwamba "mara kwa mara" haiko kwenye kalenda, kwa hiyo haifiki. Eastlands kuna tarehe moja ambayo hakuna anayeisahau, awe anaishi singo ya Kayole au nyumba ya vyumba vitatu Buruburu: tarehe ya kodi. Iwe pia tarehe ya kukagua. Robo saa inatosha, na mtoto wa darasa la sita anaweza kukusaidia, pengine akawa mkali kuliko wewe.

Mara mbili kwa mwaka fanya ukaguzi mkubwa, kabla ya mvua ndefu za Machi na kabla ya mvua fupi za Oktoba. Toa kila kitu nje, ukianike juani, ufute vumbi, uangalie unyevu na alama za panya. Waliokuwa kando ya Mto Mathare wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hawahitaji kuelezwa kwa nini tunataja miezi hiyo.

Kizima-moto hakijaribiwi kwa kukifinya

Kanuni yetu ni rahisi: kifaa cha dharura hujaribiwa kwa kukitumia. Tochi iwashe, firimbi ipulize, kufuli lifungue. Kizima-moto cha poda hakimo katika kanuni hiyo, na wengi hukiharibu kwa nia njema. Ukikifinya hata kwa sekunde moja "kuona kama kinafanya kazi", chembe za poda hubaki kwenye vali na kuizuia isifunge sawasawa. Hewa huanza kuvuja polepole. Baada ya siku chache mshale umeshuka, na umebaki na mtungi mwekundu wa mapambo. Kizima-moto kilichowahi kufinywa, hata kidogo, kipelekwe kujazwa upya.

Kwa hiyo kikague kwa macho na mikono. Mshale uwe ndani ya eneo la kijani. Pini iwe mahali pake, na uzi wa plastiki unaoishika uwe mzima; ukikatika, jua kuna aliyekichezea. Chunguza mdomo wa mpira, kwa sababu mende na nyigu wa udongo hupenda tundu kama lile na huliziba kabisa. Inua mtungi utazame chini, ambako maji ya kupiga deki hukusanyika na kutu huanza. Kisha ugeuze juu chini mara mbili tatu, kwani poda iliyokaa miaka bila kusogezwa hushikana kama simiti iliyolowa.

Vile vya gesi ya kaboni dioksidi, ambavyo huwekwa karibu na mitambo ya stima, havina mshale. Njia ya kujua kama gesi ingalimo ni kupima uzito na kuulinganisha na ule ulioandikwa kwenye mtungi. Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi aje angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye ploti asikubali fundi anayebandika karatasi yenye tarehe mpya bila kuugusa mtungi. Matatu zetu zinatakiwa kubeba kizima-moto na sanduku la huduma ya kwanza. Ukiketi mbele siku moja, tazama chini ya kiti cha dereva uone mshale uko wapi. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Tukumbuke pia kipimo chake. Kizima-moto kidogo cha kilo 1 humaliza poda kwa takriban sekunde 10. Hizo zinatosha sufuria iliyoshika moto au pazia lililoanza kuungua, mradi uelekeze mdomo kwenye kitako cha moto wala si kwenye ndimi zake. Moto ukishapanda darini, acha mtungi, toka na watu wako. Ndiyo maana mahali pake ni karibu na mlango. Kikiwekwa nyuma ya jiko, utalazimika kuupita moto ili ukichukue.

Ufunguo nao ni kifaa

Hiki hakiko katika orodha yoyote tuliyowahi kuona, nacho ndicho kinachotuhangaisha zaidi tunapozunguka mitaani. Kwa hofu ya wezi, tumejizungushia vyuma: grili dirishani, grili mlangoni, geti la chini lenye kufuli kubwa linalofungwa usiku. Ufunguo wa geti anao keateka. Keateka ana chumba chake, ana kwao, na siku nyingine ana harusi Machakos. Ghorofa la orofa saba lenye familia zaidi ya hamsini linalala likitegemea mfuko wa suruali ya mtu mmoja.

Siku ya kodi, fungua kila kufuli. Linalokwama litie mafuta. Ambalo lina kutu hadi ndani, linunuliwe jingine, kwani bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya kodi ya chumba kimoja. Ufunguo wa geti uwe na nakala kwa watu wasiopungua wawili wanaolala orofa tofauti. Katika nyumba yako, ufunguo wa grili utundikwe mahali pamoja, ambapo wageni wa nje hawawezi kuufikia kwa mkono kupitia dirishani na ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuupata akiwa amefumba macho. Wafanyisheni watoto zoezi hilo kama mchezo. Na ngazi isiwe stoo ya baiskeli, magodoro na mitungi ya maji. Moshi ukijaa, mtu hushuka kwa kupapasa.

Gesi ya kupikia

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika mtaa wa Mradi, Embakasi, gesi ililipuka kwenye kituo kilichokuwa katikati ya makazi. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Kituo cha aina hiyo hakimo katika uwezo wa mpangaji kukikagua. Hilo ni jukumu la wanaotoa leseni, na wakazi wana haki ya kupiga kelele. Kilicho mikononi mwako ni mpira na regulata ya mtungi wako.

Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji, upake kwenye maungio na kwenye mpira wote huku vali ikiwa wazi na jiko limezimwa. Povu likichemka, hapo panavuja. Usitafute kwa kiberiti; inashangaza kwamba bado tunahitaji kuandika hivyo. Mpira uliokauka, uliopasuka ukikunjwa, au uliogugunwa na panya, haufungwi kwa gundi wala kwa kipande cha tyubu. Unabadilishwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni na chini ya kitanda, kwa hiyo ukinusa harufu yake funga vali, fungua mlango na dirisha, usiguse swichi yoyote ya stima, na toa watoto nje kwanza.

Maji, dawa na mwangaza

Mgao wa maji umetufundisha kuweka akiba, na hapa Eastlands hatuna haja ya kufundishwa kujaza jerikeni. Kosa letu ni kuisahau ile ya mwisho, iliyo nyuma ya mlango, "ya dharura". Tumieni maji hayo kufulia kila mwezi, osheni jerikeni, jazeni upya. Iwekwe gizani, maana mwangaza huotesha ukungu wa kijani. Dawa ya klorini ya kutibu maji nayo hupoteza nguvu inapokaa, hasa kwenye joto la nyumba ya mabati. Chupa iliyopitisha tarehe usiifidie kwa kumimina nyingi. Nunua nyingine, ufuate kipimo kilichoandikwa, kisha ungoje nusu saa kabla ya kunywa.

Katika sanduku la huduma ya kwanza, angalia tarehe za dawa na pakiti za chumvi za ORS. Vuta glavu moja uone kama inapasuka. Bandika plasta moja kwenye mkono wako. Gundi iliyokauka haishiki. Kilichotumiwa kirudishwe mwezi huohuo, kwani sanduku la ploti huishia kuwa duka la bure la plasta.

Tochi ya betri ihifadhiwe betri zikiwa nje, kwani betri kuukuu huvuja na kula chuma ndani. Taa ya sola na pawabenki visiachwe vikiwa sifuri kwa miezi. Betri za aina hiyo zikikaa tupu hufa. Wenye jenereta ndogo ya petroli, kama vinyozi na maduka ya nyama, waiwashe kila mwezi ikiwa imebeba mzigo halisi, friji au mashine, wala si kunguruma bure. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando unaoziba njia zake. Na iwashwe nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Mkoba wa mlangoni

Tunashauri kila nyumba iwe na mkoba mdogo karibu na mlango. Ndani yake kuwe na nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa katika karatasi ya plastiki, pesa taslimu kidogo, dawa za anayetumia dawa kila siku, nambari za simu zilizoandikwa kwa kalamu, na firimbi.

Karatasi pia huoza kwa namna yake. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingekoma kutumika mwisho wa Septemba mwaka huo. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7 zilikuwa hazijarudishwa. Si zote zilikuwa za mafisadi, tunadhani. Nyingine bila shaka zilikuwa chini ya godoro la mtu aliyeziweka kwa siku ya shida na asiwahi kuzihesabu tena. Vivyo hivyo kadi ya NHIF: tangu Oktoba 2024 bima ya afya iko chini ya SHA, na mkoba ulioandaliwa kabla ya hapo una kadi isiyokufaa hospitalini. Nambari za simu nazo hubadilika. Piga ile ya shemeji uliyoiandika, uone ni nani atakayepokea.

Firimbi huwachekesha watu hadi tunapotaja Huruma. Jengo la ghorofa lilianguka huko usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, na watu wapatao 50 wakafariki. Tarehe 5 Mei, siku 6 baadaye, waokoaji walikuwa bado wanawatoa watu wakiwa hai kutoka chini ya kifusi. Aliyefukiwa hukaukwa na sauti mapema, lakini pumzi kidogo inatosha kupuliza firimbi. Ipulize kila mwezi. Zile za chuma hushika kutu, na zenye gololi ndani hukwama zikipata unyevu.

Nani wa kufanya

Nyumbani, mpe mtu mmoja jina la kazi hiyo, na mwezi unaofuata mpe mwingine. Kwenye ploti, vizima-moto, mageti na swichi kuu ya stima ni juu ya mwenye ploti na keateka wake, ila wapangaji wana haki ya kuona daftari la ukaguzi. Kama daftari halipo, lianzisheni wenyewe kupitia nyumba kumi au chama chenu: tarehe, kilichokaguliwa, kilichokutwa kibovu, aliyekagua. Daftari la shilingi hamsini litatosha miaka kadhaa.

Bandikeni kwenye ukuta wa ngazi nambari za dharura, 999 na 112, na ile ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Hizo msizipige kujaribu. Vingine vyote vijaribuni, na mwezi huu, kabla ya kumtumia landilodi pesa zake, fungua kwanza droo ya chini.