Nani Anaweza Kusema "Simamisha"? Kijitabu kwa wanaotafuta ajira kwenye mitambo ya mafuta na gesi baharini

Tangu mwaka 2010, gesi ilipoanza kugunduliwa katika kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi na Mtwara, vijana wengi wa pwani na wa bara wameanza kuulizia ajira ya baharini. Visima vilivyochorongwa huko vilipewa majina ya Pweza, Chaza, Jodari, Zafarani na Tangawizi, na matumaini ya wazazi wengi yakafuata majina hayo. Maswali ya kwanza huwa ni ya mshahara, ya vyeti na ya namna ya kupata nafasi. Ni maswali halali. Kijitabu hiki kinashughulika na swali lingine, ambalo mara nyingi halifiki mezani siku ya kusaini mkataba: mfanyakazi wa cheo cha chini akiona hatari, je, anaweza kusema "simamisha", na kazi ikasimama kweli? Tunashikilia kwamba uhai wa watu baharini hutegemea jibu la swali hilo kuliko unavyotegemea ubora wa mitambo au ujasiri wa wanaoiendesha. Ushahidi upo katika taarifa za uchunguzi wa ajali zilizokwisha kutokea, na tutaufuata hatua kwa hatua.

Kwanza kazi yenyewe. Mtambo wa kuchoronga baharini unaweza kuwa na miguu inayosimama juu ya sakafu ya bahari, kama maji si ya kina kirefu, au unaweza kuelea. Kwenye vitalu vya kina kirefu vya Tanzania maji hupita mita 2,000 katika baadhi ya maeneo, kwa hiyo huko hutumika mitambo inayoelea, ikiwemo meli za kuchoronga zinazojishikilia mahali pamoja kwa nguvu ya pangaboi zikiongozwa na setilaiti. Juu ya sitaha kuna mnara, na kutoka kwenye mnara hushuka mabomba yaliyoungwa moja baada ya jingine, ncha yake ikiwa na kekee ya kupasulia mwamba. Ndani ya mabomba husukumwa tope zito lililoandaliwa kwa vipimo. Tope hilo hutokea kwenye kekee, kisha hupanda kwa nje ya bomba likibeba vipande vya mwamba hadi juu. Uzito wake ndio unaozuia gesi ya chini isipande. Ndiyo maana kuna mtu ambaye zamu nzima macho yake yako kwenye vipimo vya matangi ya tope: likirudi tope jingi kuliko lililosukumwa, kuna kitu kimeingia kisimani, na dakika zimeanza kuhesabika. Kwenye sakafu ya bahari hukaa rundo la valvu kubwa, zenye uzito wa mamia ya tani zikiwa pamoja, zinazoweza kubana kisima na hata kukata bomba. Kisima kikishatiwa mabomba ya kudumu na saruji, meli huondoka, na uzalishaji hufanywa na mitambo mingine.

Watu wanaoishi juu ya mtambo kama huo huwa mia moja na zaidi. Hufanya kazi zamu za saa 12, mchana na usiku, kwa wiki mbili, tatu au nne mfululizo, kisha hupumzika nchi kavu. Hupelekwa kwa helikopta, na kabla ya kuruhusiwa kuipanda hufunzwa ndani ya bwawa namna ya kutoka kwenye helikopta iliyopinduka majini. Si wote ni wachorongaji: wapo wapishi, wasafishaji, wapaka rangi, waendesha kreni, mafundi umeme na mhudumu wa afya. Tena hawana mwajiri mmoja. Kampuni ya mafuta ina watu wake, mwenye mtambo ana wake, wa tope na wa saruji vivyo hivyo, na jikoni kuna mkandarasi mwingine. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu habari ya hatari hulazimika kuvuka mipaka ya kampuni, ya vyeo na ya zamu ndipo imfikie anayeihitaji.

Chombo kilichobuniwa kuvusha habari hiyo ni kibali cha kazi. Fundi hafungui pampu wala hawashi moto wa kuchomelea mpaka karatasi ieleze kazi gani inafanywa, wapi, kitu gani kimefungwa na kutiwa kufuli, nani ameruhusu na lini inakwisha. Zamu inapobadilika, anayetoka humkabidhi anayeingia vibali vyote vilivyo wazi. Inaonekana kama kazi ya karani. Tazama kilichotokea ilipokosewa.

Usiku wa Julai 6, 1988, watu 226 walikuwa juu ya jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, takriban kilomita 190 kaskazini mashariki mwa Aberdeen, Scotland. Palikuwa na pampu mbili za kusukuma gesi iliyogeuka kimiminika, A na B. Siku hiyo pampu A ilikuwa imesimamishwa ili ifanyiwe matengenezo, na kibali chake kilikuwepo. Kwa kibali cha pili, mafundi wengine walifungua valvu ya usalama ya pampu hiyohiyo wakaipeleka kupimwa, na mdomo wa bomba wakauziba kwa kifuniko cha chuma. Jioni ikafika valvu haijarudishwa mahali pake, na kazi ikaahirishwa hadi kesho. Vibali vilivyoahirishwa viliwekwa kwenye ofisi ya usalama, si kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Valvu yenyewe ilikuwa ghorofa ya juu ya pampu, kwa hiyo aliyesimama kwenye pampu hakuweza kuona kwamba haipo. Zamu ya usiku iliingia ikijua kibali cha kwanza tu.

Karibu saa 3:45 usiku pampu B ilizima ikakataa kuwaka. Bila pampu, umeme wa jukwaa zima ungeweza kukatika. Waliokuwa zamu walitazama walichokuwa nacho, wakaona matengenezo ya pampu A hayajaanza, wakaamua kuiwasha. Gesi ikapenya kwenye kile kifuniko, ambacho hakikuwa kimekazwa vya kutosha kuhimili presha, na saa 4:00 usiku ukatokea mlipuko wa kwanza. Kuta za jukwaa zilijengwa kuzuia moto, si mlipuko, zikabomoka. Pampu za maji ya kuzimia moto hazikujiwasha, kwa kuwa zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi waliofanya kazi chini ya maji. Majukwaa jirani, yaliyounganishwa na Piper Alpha kwa mabomba, yaliona moto yakaendelea kusukuma mafuta na gesi, maana wasimamizi wake hawakujiona na mamlaka ya kuzima uzalishaji bila ruhusa ya nchi kavu. Dakika 20 baada ya mlipuko, bomba kubwa la gesi lilipasuka. Wafanyakazi wengi walikuwa wamekwenda kwenye jengo la malazi, kama walivyofunzwa, wakisubiri maelekezo na helikopta. Maelekezo hayakuja, na helikopta haikuweza kutua kwa moshi. Wengi wa waliopona ni wale walioacha kusubiri, wakashuka kwa kamba au wakaruka baharini. Walikufa watu 167, wakiwemo wawili waliokuja kwa boti kuokoa wenzao.

Ukiipitia habari hiyo kituo kwa kituo, utakuta mitambo ina lawama yake, hasa zile kuta. Lakini chanzo ni habari iliyolala kwenye ofisi isiyohusika, na kilichogeuza moto kuwa maangamizi ni watu wenye akili timamu, wenye macho ya kuona, waliokosa mamlaka. Msimamizi wa jukwaa jirani aliyetazama anga likiwaka hakuhitaji kompyuta bora zaidi. Alihitaji kujua kwamba akizima uzalishaji hataulizwa kesho asubuhi kwa nini ameitia kampuni hasara. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, uliotoa taarifa yake mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, uliilazimisha sekta nzima ya Uingereza kubadilika. Kazi ya kusimamia usalama iliondolewa kwenye wizara ya nishati, iliyokuwa pia na jukumu la kuhimiza uzalishaji, ikapewa chombo cha usalama kazini. Kila mwenye jukwaa akatakiwa aandike na kuthibitisha, kabla ya kuruhusiwa kuendelea, hatari zipi anazo na amezidhibiti vipi. Hata kabla ya taarifa hiyo kutoka, kanuni za mwaka 1989 zilikuwa zimewapa wafanyakazi wa baharini haki ya kuchagua wawakilishi wao wa usalama.

Yuko atakayesema hayo ni ya zamani, teknolojia ya leo ni nyingine. Tumpe mwaka 2010. Deepwater Horizon ilikuwa miongoni mwa mitambo ya kisasa kabisa ya wakati wake. Aprili 20, katika Ghuba ya Mexico, wafanyakazi wake walipima kama saruji ya kisima cha Macondo imeshika. Bomba moja lilionyesha presha ya kiasi cha paundi 1,400 kwa inchi ya mraba, jingine likaonyesha sifuri. Presha hiyo ilikuwa inasema kwamba kisima hakijazibwa. Waliokuwepo walijadiliana, wakapata maelezo ya kuwatuliza, wakaendelea kuondoa tope zito. Usiku huo gesi ilipanda, ikalipuka, watu 11 wakafa, na yale mavalvu ya sakafuni yakashindwa kuziba kisima. Mafuta yalimwagika kwa siku 87. Siku hiyohiyo wakubwa wa kampuni walikuwa wamefika mtamboni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila jeraha la kumpotezea mtu siku ya kazi. Pongezi hizo hazikuwa za uongo. Zilihesabu vidole vilivyobanwa na watu walioteleza, ambavyo ni vitu vya maana, ila havipimi kama kisima kiko salama.

Hapa pana pingamizi zito zaidi, nalo linaigusa hoja yetu yenyewe. Kwenye Deepwater Horizon kila mfanyakazi alikuwa na haki, kwa maandishi, ya kusimamisha kazi. Haki hiyo ilikuwepo na kazi haikusimama. Je, si ushahidi kwamba haisaidii? Tunaona ni ushahidi wa jambo jingine: haki isiyotumika siku za kawaida haiamki siku ya hatari. Mtu ambaye hajawahi kusimamisha kazi ndogo ya kreni, akashukuriwa mbele ya wenzake, hatathubutu kupinga tafsiri ya kipimo mbele ya wahandisi wa kampuni yenye kisima, kazi ikiwa imechelewa. Vibali navyo hufa kwa namna hiyohiyo. Msimamizi anayesaini karatasi thelathini asubuhi bila kwenda kuitazama hata pampu moja anatengeneza faili, na faili halizibi gesi. Wanaolalamika kwamba usalama umegeuka makaratasi wana haki ya kulalamika. Dawa ni msimamizi kuipeleka karatasi mahali pa kazi na kuisoma kwa sauti mbele ya wanaofanya kazi, hapo palipo na valvu.

Gharama ndiyo pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini. Kukodi mtambo kama Deepwater Horizon kuligharimu takriban dola 500,000 kwa siku, na hakuna msimamizi asiyezihesabu. Lakini kuurudia upimaji ule kungechukua saa chache, na ajali ile iliigharimu kampuni yenye kisima zaidi ya dola bilioni 60. Kwa hesabu tupu ya fedha, ukiacha roho za watu, kusimama ndiko rahisi.

Wengine huhofu kwamba kibarua asiye na elimu ya uhandisi atasimamisha kazi kwa kila kelele. Atakosea, ndiyo, na mara nyingi itagundulika baada ya dakika kumi kwamba hapakuwa na kitu. Lakini yeye ndiye aliye karibu na chuma. Machi 27, 1980, jukwaa la malazi la Alexander L. Kielland lilipinduka upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, wakafa watu 123 kati ya 212. Nguzo moja ilikatika kwa ufa ulioanzia kwenye uchomeleaji wa kishikizo kidogo cha kifaa. Ndani ya ufa wachunguzi walikuta rangi, dalili kwamba chuma kilikwisha anza kupasuka kabla ya kupakwa. Hatuwezi kudai kwamba aliyepaka rangi aliona kitu. Tunachoweza kudai ni kwamba mkono wake ulipita pale.

Kwa upande wetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo inayoisimamia. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu alindwe asiadhibiwe, na mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kwenye orodha ya mikataba ya msingi ya shirika hilo. Bado lipo pengo ambalo sheria peke yake haiwezi kuliziba, nalo ni lugha. Kwenye mitambo ya kimataifa vibali huandikwa kwa Kiingereza, na kijana mwenye aibu ya kusema hajaelewa atatikisa kichwa, asaini. Usisaini. Omba uelezwe kwa Kiswahili, kisha eleza mwenyewe ulichoelewa. Mwajiri mzuri hataona umepoteza muda, na asiye mzuri ni bora umjue mapema.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, uliza mambo ambayo wakala wa ajira huenda asiyataje. Nikisimamisha kazi na ikaonekana nilikosea, nini kitafuata? Mfanyakazi wa mkandarasi ana haki sawa na wa kampuni yenye mtambo, au anaweza kurudishwa nchi kavu na asiitwe tena? Makabidhiano ya zamu hupewa muda gani, na muda huo unalipwa? Mwakilishi wa usalama huchaguliwa na nani? Ukijibiwa kwa mdomo, omba jibu liandikwe, ubaki na nakala yako.