Karakana Inapokwenda Nane Nane: Somo kwa Vikundi vya Kata

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, wakulima, wafugaji na mafundi wa mikoa ya Tabora na Kigoma hukutana katika Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, kwenye viwanja vya Fatma Mwassa, Ipuli, Manispaa ya Tabora. Vikundi vya karakana vya kata zetu, hususan vya useremala, hupata hapo nafasi ya kuonesha kazi zao. Somo la toleo hili linahusu namna kikundi kinavyopaswa kuliendesha banda lake, ili maonesho yakimalizika kibaki na wateja badala ya madeni.

Tabora si mgeni wa biashara ya wapita njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kuelekea Ujiji ilipumzika Unyanyembe. Burton na Speke walifika mwaka 1857, na makumbusho ya Kwihara yanatunza kumbukumbu ya tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mwenye bidhaa alimuuzia leo mtu ambaye kesho angekuwa njiani. Banda la Nane Nane lina hali iyo hiyo. Mnunuzi wa Kaliua, Sikonge au Kasulu ataondoka na mzigo wake, na kasoro ataigundua akiwa mbali, mbele ya majirani zake.

Tuchukue mfano wa mzinga wa nyuki, bidhaa ambayo mkazi wa Tabora haihitaji kuelezwa faida yake. Wafugaji wengi bado hutundika mizinga ya magome, ambayo kila mmoja hugharimu mti uliobanduliwa gome. Karakana zetu hutengeneza mzinga wa sanduku wenye papi za mbao zilizopangwa juu, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila papi. Upana wa papi hizo, kwa nyuki wetu wa Kiafrika, ni takriban milimita 32. Fundi akizidisha hadi 38, nyuki huunganisha masega ya papi mbili, na mfugaji akiinua moja, masega hupasuka, asali humwagika na nyuki hukasirika. Kwa nje mzinga huo hauna dosari yoyote. Pengine umepakwa rangi ya kupendeza kuliko yote bandani.

Kwa sababu hiyo, mzinga mmoja uwekwe mezani ukiwa wazi, mfuniko pembeni, pamoja na rula, na mgeni apime mwenyewe. Dakika mbili za kupima huuza kuliko bango kubwa. Mzinga huo uwe mtupu, tafadhali: nyuki hawatambui itifaki ya mgeni rasmi.

Jambo zito zaidi ni oda. Tuseme kikundi cha watu 8 chenye msumeno mmoja wa umeme kinakamilisha mizinga 2 kwa siku, yaani 10 kwa wiki ya siku 5. Katika maonesho kinapokea oda za mizinga 70, yote iahidiwe mwisho wa Agosti. Wiki tatu zilizobaki zinatosha mizinga 30. Mizinga 40 imeahidiwa bila kuwapo nguvu ya kuitengeneza, na iwapo kila mmoja umelipiwa malipo ya awali ya shilingi 20,000, kikundi kinashikilia shilingi 800,000 za watu. Mfugaji aliyekusudia kutundika mizinga kabla ya makundi ya nyuki kuhama anaweza kupoteza msimu mzima.

Dawa yake ni kitabu cha oda chenye nakala: jina, kijiji, simu, idadi, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kukabidhi. Juu ya kila ukurasa iandikwe jumla ya mizinga iliyokwisha kuahidiwa. Jumla ikifikia uwezo wa karakana, anayefuata apewe tarehe ya Septemba. Akikataa, aagwe kwa heshima. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika kitabu.

Tahadhari hii inawahusu zaidi wanufaika wa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, unaogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, na marejesho yake ndiyo yanayokopeshwa vikundi vingine. Jaribu kubwa ni kulipa rejesho kwa malipo ya awali ya wateja. Daftari la mkopo litapendeza kwa mwezi mmoja, kisha mbao za kutimiza oda zitakosekana, na hapo kikundi kitadaiwa na pande mbili.

Vikundi vinavyokusudia kushiriki vimwone mapema Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, na vimwombe Afisa Nyuki akague mzinga wa mfano kabla haujasafirishwa. Stakabadhi na vibali vya mbao viwepo bandani.

Jioni ya tarehe 8 Agosti, kabla ya banda kuvunjwa, wanakikundi wote wakae na kitabu chao, wazigawe oda kwa wiki, na wampigie simu usiku huohuo kila mteja ambaye tarehe yake imesogea.