Fleti yako iko kwenye hati ya nani?

Duka chini na makazi juu si jambo geni Musoma. Majengo ya zamani ya Mtaa wa Mukendo yalijengwa hivyo. Lakini jengo zima lilikuwa la mwenyewe mmoja, na aliyelala ghorofani alikuwa ama mwenyewe huyo ama mpangaji. Leo unaambiwa uwe mwenye fleti moja ghorofa ya tatu, huku fremu za chini ni za watu wengine na paa halijulikani ni la nani. Mkazi wa Mara hukutana na biashara hii anaponunua Dar es Salaam, ambako miradi kama Morocco Square ya Shirika la Nyumba la Taifa imechanganya maduka, ofisi na makazi. Hukutana nayo pia nyumbani, pale mwenye fedha anapomfuata mwenye kiwanja Nyasho au Bunda mjini na kumwambia: toa ardhi, mimi nijenge, tugawane ghorofa.

Sheria ya kukulinda ipo tangu mwaka 2008. Ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16. Kwa sheria hiyo, ramani ya jengo inayoonyesha kila sehemu husajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha kila sehemu hupata hati yake. Hati hiyo unaweza kuiuza, kuirithisha au kuiwekea rehani bila kuwaomba majirani ruhusa. Ramani isiposajiliwa, ulichonunua ni ahadi. Kiwanja chote kinabaki kwenye hati ya mjenzi, na ikiwa hati hiyo iko benki kama dhamana ya mkopo, deni lake linaweza kufanya jengo liuzwe ukiwa umeshahamia.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata malipo ya awali, fanya upekuzi wa hati. Kwa kiwanja cha Mara, ofisi ya ardhi ya mkoa iko Musoma. Utaona mmiliki ni nani, miaka iliyobaki ni mingapi, na kama kuna rehani au zuio. Miaka hiyo ni sehemu ya bei, maana hakuna anayeuza ardhi ya milele hapa: mwaka 1963 serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, iliondoa umiliki wa aina hiyo, na hati za mijini leo ni za muda usiozidi miaka 99. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba anakufahamu wewe na muuzaji; haukupi hati. Na kama ardhi ni ya kijiji yenye hati ya kimila, kama ilivyo sehemu kubwa ya Wilaya ya Butiama, usikubali kuuziwa ghorofa juu yake hadi ofisi ya ardhi ikueleze kwa maandishi inawezekanaje.

Sasa bei. Watu hulinganisha fleti na nyumba ya kawaida kwa idadi ya vyumba, na hapo ndipo wanapoumia. Unanunua vyumba pamoja na mgao katika mali ya pamoja: ardhi, ngazi, paa, tangi, maegesho. Mgao huo ndio unaopima mchango wako wa kila mwezi na uzito wa kura yako katika chama cha wamiliki. Fleti ya bei nafuu yenye lifti, pampu na mlinzi inaweza kukugharimu zaidi kuliko nyumba ya Bweri uliyoiona ghali. Mwenye fremu naye aulize kama atachangia lifti asiyoipanda, na wewe wa juu uulize kama kanuni za jengo zinaruhusu baa chini ya chumba cha watoto wako. Omba kanuni hizo uzisome. Muuzaji anayekataa kuzitoa amekwisha kukujibu.

Ukitajiwa bei kwa dola, kataa. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mkataba uwe wa maandishi. Kama jengo au kiwanja ni makazi ya ndoa, mwenzi wa muuzaji lazima aridhie.

Wewe unayetoa kiwanja kwa ubia, andika kabla ya msingi kuchimbwa ni ghorofa zipi zako, nani atalipia usajili wa ramani, na kwamba hati yako haitawekwa rehani bila saini yako. Nimeona wazee wakitoa kiwanja kwa kupeana mikono tu, na inaniuma.

Mgogoro ukitokea, anza Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linalosikiliza madai ya mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo ipo pia Musoma.